Ziara kwenye kiwanda cha rumu Martinique, na Wakongo waliokata miwa yake

Le François ni mji mdogo ulio upande wa mashariki wa Martinique, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa. Nje kidogo ya mji huo kuna shamba la zamani la miwa linaloitwa Habitation Clément. Wageni hufika pale kwa magari, hulipa tiketi, kisha huzunguka polepole: kwanza bustani yenye miti mirefu, halafu nyumba ya mbao ya tajiri wa zamani, halafu mashine za kusagia miwa ambazo sasa zimenyamaza, halafu maghala yenye mapipa mamia kwa mamia. Mwisho kabisa ni meza ya kuonja, ambapo mgeni humiminiwa rumu kidogo kwenye bilauri, na duka liko papo hapo.

Kwa familia iliyokimbia vita na inayolala chini ya hema, matembezi ya namna hiyo ni mambo ya watu wenye pesa na amani. Ni kweli. Lakini shamba hilo na mengine kama hilo yana habari inayowahusu watu wa Kongo kwa karibu sana. Kati ya mwaka 1857 na 1862, watu karibu 10,000 walichukuliwa kutoka pwani ya Kongo na kupelekwa Martinique kukata miwa. Wakati huo utumwa ulikuwa umekwisha futwa kisheria katika kisiwa hicho kwa miaka tisa. Walipelekwa kwa karatasi, kwa kontra.

Kabla ya kufika kwenye karatasi hiyo, ni vizuri kufahamu kazi yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyowataka watu wengi hivyo.

Miwa ya Martinique hukatwa wakati wa kiangazi, tangu Februari hivi hadi Juni. Ikisha katwa haingoji. Ikikaa juani siku moja au mbili, sukari yake huanza kuharibika, ndiyo maana kila shamba kubwa lilikuwa na kinu chake karibu. Wakaaji wa bonde la Ruzizi wanaokumbuka kiwanda cha sukari cha Kiliba, kabla hakijasimama wakati wa vita ya 1996, wanajua haraka hiyo ya msimu wa miwa. Miwa hupita katikati ya magurudumu mazito ya chuma na kukamuliwa maji yake. Makapi hayatupwi: huchomwa chini ya tanki la maji, na mvuke unaotoka ndio unaoendesha mashine. Maji ya miwa huwekwa katika mapipa makubwa pamoja na chachu, na baada ya siku moja, mbili au zaidi kidogo huwa aina ya mvinyo usio mkali, karibu na nguvu ya bia.

Kisha huja mnara wa shaba. Ndani yake mna sahani nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mvinyo wa miwa huteremka kutoka juu, mvuke wa moto hupanda kutoka chini, na vinapokutana mvuke hubeba ule ukali na kupanda nao. Juu unapozwa, na kinachotiririka ni maji meupe makali sana. Kwa sheria ya mwaka 1996 inayolinda jina la rumu ya Martinique, ukali huo unapotoka mnarani lazima uwe kati ya asilimia 65 na 75. Baadaye hupunguzwa kwa maji. Ile inayotakiwa kuitwa rumu ya zamani hufungiwa katika mapipa ya mti wa mwaloni si chini ya miaka mitatu, na humo ndimo inapopata rangi ya kahawia. Kila mwaka sehemu fulani hupotea hewani kupitia mbao za pipa. Wafaransa huiita fungu la malaika, na kwenye joto la Karibi malaika hao hunywa zaidi kuliko wale wa Ulaya.

Mama yeyote aliyewahi kupika lutuku au kanyanga nyuma ya nyumba angeutambua mnara huo mara moja. Moto ni uleule, bomba ni lilelile, maji ya kupoza ni yaleyale. Tofauti ni kwamba mnara haupumziki kati ya pipa na pipa, na kila kitu hupimwa. Tofauti nyingine ni ya serikali. Wakati wa Wabelgiji, Mkongo aliyekamatwa akipika lutuku alikuwa mhalifu. Miaka ileile, kule Martinique, kazi ileile ilijenga majumba ambayo leo watu hulipa kuyaangalia.

Rumu ya mwanzo haikutoka kwenye maji ya miwa yenyewe. Ilitoka kwenye molasi, ile asali nyeusi inayobaki sukari ikisha tengenezwa. Sukari ilikwenda Ulaya. Molasi ilikuwa taka, na watumwa ndio walioanza kuichachusha na kuinywa. Wenye mashamba walipoona kuna faida, wakaichukua. Mmoja wa watu waliotengeneza vizuri zaidi vinu na vyungu vya kisiwa hicho alikuwa padri Mdominika, Jean-Baptiste Labat, aliyefika Martinique mwaka 1694 na kusimamia shamba la shirika lake lililoitwa Fonds Saint-Jacques, huko Sainte-Marie. Alikuwa mhandisi hodari na mwandishi hodari. Alikuwa pia msimamizi wa watumwa, na katika kitabu chake cha safari hakuona aibu kueleza adhabu alizowapa. Siku hizi jina lake limebandikwa kwenye chupa za rumu ya kisiwa cha jirani, Marie-Galante.

Magurudumu ya kinu ndiyo sehemu ambayo mgeni angefanya vizuri kusimama muda mrefu zaidi. Leo yamepakwa rangi na yanapendeza katika picha. Wakati wa utumwa yalizunguka usiku na mchana katika msimu, na aliyelisha miwa, mara nyingi mwanamke, alisimama pale mpaka usingizi ukamshinda. Vidole vikishikwa, mkono wote ulifuata. Katika visiwa vingi vya Karibi panga lilitundikwa karibu na kinu kwa kazi moja tu: kuukata mkono kabla magurudumu hayajamvuta mtu mzima. Si hadithi ya kutisha watoto. Wenye mashamba wenyewe waliandika habari hiyo kama sehemu ya uendeshaji wa kazi.

Na pombe ya miwa haikukaa Karibi tu. Wafanyabiashara wa Rhode Island, huko Marekani, walipakia rumu kwenye meli na kwenda kuibadilisha na watu kwenye pwani ya Guinea. Wabrazili walileta pombe yao ya miwa Luanda kwa biashara hiyohiyo, na bidhaa hiyo ilipenya ndani sana ya Angola. Yaani mtu alinunuliwa kwa pombe iliyotokana na miwa iliyokatwa na mtu mwingine aliyenunuliwa kabla yake. Katika watu milioni 12 na nusu hivi waliopakiwa kwenye meli za utumwa kuvuka Atlantiki, karibu nusu walitoka upande wa Kongo na Angola.

Utumwa wa Martinique ulikwisha mwaka 1848. Amri ilitiwa sahihi Paris tarehe 27 Aprili, lakini barua za wakati huo zilisafiri kwa meli, na watumwa hawakuingoja. Mwezi Mei, karibu na mji wa Saint-Pierre, mtumwa mmoja aitwaye Romain alifungwa kwa sababu ya kupiga ngoma iliyokatazwa. Watu walijaa barabarani, damu ikamwagika, nyumba zikachomwa. Gavana aliona hakuna njia nyingine, akatangaza mwisho wa utumwa tarehe 23 Mei, kabla amri ya Paris haijafika. Kila mwaka tarehe 22 Mei watu wa Martinique hawafanyi kazi, wanakumbuka siku hiyo.

Mwaka uliofuata, bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya fidia. Kwa Martinique ilihesabiwa karibu franka 425 kwa kila kichwa, na kisiwa kilikuwa na watumwa zaidi ya 70,000. Fidia hiyo walipewa mabwana. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata kipande cha shamba.

Wengi wao waliondoka mashambani, wakapanda vilimani na kulima vihogo vyao kwa jasho lao wenyewe. Wenye mashamba walilia kwamba hakuna wafanyakazi. Wafanyakazi walikuwepo. Walichokosa mabwana hao ni wafanyakazi wasioweza kukataa. Kwa hiyo walitafuta mbali. Tangu mwaka 1853 waliletwa Wahindi, ambao mwishowe walifika karibu 25,000. Na mwaka 1857 serikali ya Ufaransa ilifanya mapatano na kampuni ya mfanyabiashara Régis wa Marseille ili iwalete Waafrika.

Régis alikuwa na vituo vyake kwenye pwani ya Loango na mdomoni mwa mto Kongo, pale Banana, mahali ambapo leo ni jimbo la Kongo Central. Ng'ambo kidogo juu ya mto kulikuwa na Boma, soko la watu la zamani. Kazi ilifanyika hivi. Kampuni ilinunua mateka kutoka kwa wauzaji wa pwani, ambao nao walikuwa wamewanunua kutoka bara, mkono kwa mkono, kutoka kijiji hadi kijiji. Mateka aliambiwa: sasa umekombolewa, wewe ni mtu huru. Kisha, siku hiyohiyo, mtu huyo huru aliwekwa mbele ya karatasi ya lugha asiyoijua, inayosema atafanya kazi Martinique miaka kumi. Gharama ya kumkomboa ilikatwa kwenye mshahara wake. Yaani alijinunua mwenyewe kwa mkopo, na aliyemkopesha ndiye aliyemnunua.

Wazee wa Katanga waliosikia kwa baba zao habari za kontra za migodini watalitambua neno hilo. Karatasi inaweza kuwa na sahihi na mihuri yote, na bado mwenye kidole chake juu yake hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Waingereza walipiga kelele wakisema huo ni utumwa uliobadilishiwa nguo. Walikuwa na sababu zao za biashara pia, lakini katika jambo hili walisema kweli. Upande wa mashariki wa Afrika mambo yalikuwa hayohayo: mwishoni mwa mwaka 1857 Wareno waliikamata karibu na Msumbiji meli ya Kifaransa, Charles-et-Georges, ikiwa na Waafrika zaidi ya mia moja waliokuwa wakipelekwa kisiwa cha Réunion kwa jina la wafanyakazi wa mkataba. Ufaransa ilituma manowari Lisbon, na Ureno ikalazimika kuirudisha meli na kulipa fidia. Lakini aibu ilikuwa imeenea. Mwaka 1861 Uingereza iliiruhusu Ufaransa kuchukua wafanyakazi katika India iliyotawaliwa na Waingereza, na mwaka uliofuata biashara ya Régis ya kuwatoa watu Kongo ikafungwa.

Miaka mitano tu. Lakini watu karibu 10,000 walikuwa wamefika Martinique, na maelfu wengine Guadeloupe. Wengi walikuwa vijana. Mkataba ulipokwisha, ni wachache sana waliorudi. Na wangerudi wapi? Aliyekuwa ameuzwa kutoka mbali juu ya mto hakuwa na njia ya kufika kwao hata kama meli ingemshusha Banana.

Mapokezi nayo yalikuwa magumu. Waliokuwa watumwa hadi mwaka 1848 walikuwa wamezaliwa kisiwani, wanasema Kikreoli, wana ubatizo na majina ya Kifaransa. Wageni hawa walifika na lugha zao na chanjo za usoni, wakakubali kazi ambayo wenyeji walikuwa wameikataa, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kukataa. Wakachekwa. Katika Kikreoli cha Martinique, kumwita mtu "nèg kongo" likawa tusi, maana yake mshamba, mweusi kupita kiasi, asiyestaarabika. Mtu yeyote aliyefika na godoro kichwani katika mji usio wake, akasikia namna wenyeji wanavyolitamka jina la kule alikotoka, hahitaji kuelezwa zaidi. Tusi hilo liliishi muda mrefu kuliko mikataba, likawafuata watoto na wajukuu, na baadhi ya familia ziliona afadhali kunyamaza kuhusu asili yao.

Miaka ya 1880 sukari ya visiwa ilianguka bei. Ulaya ilikuwa imejifunza kutoa sukari kwenye mzizi wa bitiruti, na soko likafurika. Mashamba mengi yalifilisika. Baadhi yakaacha kabisa kutengeneza sukari na kuanza kupika maji ya miwa moja kwa moja, na hapo ndipo rumu inayoitwa ya kilimo, ambayo Martinique inajivunia leo, ilipata nguvu. Katika taabu hiyo ya bei, mwaka 1887, daktari mmoja mtu wa rangi, Homère Clément, alilinunua shamba la Acajou huko Le François. Wakati ule lilikuwa jambo kubwa: mashamba ya namna hiyo yalikuwa mali ya Wazungu walowezi, wale wanaoitwa békés. Clément alikuwa pia meya na mwanasiasa. Bila shaka alijua thamani ya kukaa kwenye baraza ya nyumba ile.

Kwa wakata miwa, kubadilika kwa jina la mwenye shamba hapa au pale hakukubadilisha mambo sana. Tarehe 8 Februari 1900, wafanyakazi wa sukari waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walikusanyika Le François. Askari waliwafyatulia risasi. Watu kumi walikufa. Miaka miwili baadaye, tarehe 8 Mei 1902, mlima Pelée ulilipuka na kuuteketeza mji wa Saint-Pierre kwa dakika chache, ukaua watu wapatao 28,000. Watu wa Goma waliouona moto wa Nyiragongo mwaka 2002 na 2021 wanaweza kufikiri ni kitu gani, ingawa Pelée haukumwaga mto wa moto wa kukimbiwa kwa miguu. Ulitema wingu la hewa ya moto, na wingu hilo halikumpa mtu nafasi. Saint-Pierre ulikuwa ndio mji mkuu wa rumu, na viwanda vyake vingi viliishia hapo.

Kisha ikaja vita ya kwanza ya dunia. Jeshi la Ufaransa lilitaka pombe kali kwa ajili ya viwanda vya baruti na kwa askari waliokaa kwenye mahandaki, waliopewa kipimo chao kabla ya kushambulia. Bei ya rumu ikapanda kama moshi. Ni mwaka 1917, katikati ya vita hiyo, Clément alipojenga kiwanda chake cha rumu pale Acajou. Baada yake mwanawe Charles aliendeleza kazi na kulitangaza jina hilo nje ya kisiwa.

Mwaka 1986 familia iliuza. Mnunuzi alikuwa Groupe Bernard Hayot, kampuni ya ukoo wa kibéké, moja ya kampuni kubwa kabisa za visiwa hivyo. Kwa hiyo shamba ambalo daktari mtu wa rangi alilitoa katika mikono ya zamani lilirudi, baada ya karibu miaka mia moja, upande wa wazao wa walowezi. Upikaji wenyewe ulihamishiwa Le Simon, palepale Le François. Mitambo ya Acajou ikawa makumbusho, na mapipa yakabaki yakizeeka mahali pake. Mwezi Machi 1991, mara baada ya vita ya Ghuba, marais George Bush na François Mitterrand walikutana katika nyumba ile ya mbao kuzungumza. Wageni hupenda sana habari hiyo.

Ziara ya saa moja au mbili haiwezi kubeba mambo ya miaka 300, hilo halina ubishi. Lakini maswali hayalipiwi tiketi. Nani alikata miwa hii kabla ya 1848? Nani aliikata baada ya 1857, na mkataba wake ulisema nini? Walilala wapi, walizikwa wapi? Nyumba ya bwana huwa ya mbao nzuri na hutunzwa. Vibanda vya wafanyakazi vilikuwa vya majani na udongo, na vilikwisha pamoja na wenyewe.

Mtu anayetoka Le François kwenda kusini-magharibi mwa kisiwa atafika Diamant, kwenye ufuko wa Anse Caffard. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1830, meli ya magendo iliyojaa mateka iligonga miamba pale, ingawa Ufaransa ilikuwa imekataza biashara hiyo zamani. Tangu mwaka 1998 kuna sanamu 15 nyeupe juu ya nyasi, kubwa kuliko binadamu, mabega yameinama, kazi ya msanii wa Martinique Laurent Valère. Zimegeuzwa kuelekea baharini, upande wa nyuzi 110 za dira, ambako mbele yake ni Ghuba ya Guinea.

Na upande wa pili wa maji hayo, mdomoni mwa mto, Banana imeanza tena kuwa na shughuli: tangu mwaka 2022 inajengwa bandari ya maji marefu, ili meli kubwa zisilazimike tena kupitia nchi za jirani. Mahali ambapo Kongo inataka kupokelea mizigo ya dunia ndipo kampuni ya Régis ilipokuwa na kituo chake, na pwani hiyo ndiyo waliyoiacha nyuma watu wa kontra.